Anayepaswa Kurudi

"Toa ulimi," kijana alitafsiri. Nikamgeukia mke wangu, nikidhani anaambiwa yeye.

Mzee aliyekaa nyuma ya meza akatikisa kichwa, akaninyooshea kalamu mimi. Tulikuwa Guangzhou, kusini mwa China, katika chumba kidogo kilichojaa harufu ya majani makavu na moshi. Mbele ya meza palikuwa na viti viwili. Mke wangu alikuwa amekalia kimoja, pochi mapajani, na ndani ya pochi bahasha ya vipimo vya miaka minne. Mimi nilisimama karibu na mlango, ufunguo wa hoteli mkononi, kama msindikizaji. Kwa kweli nilikuja kulipa tu.

"Anasema ukae, kaka," kijana akaongeza. Ni Mtanzania mwenzetu, anasomea udaktari hukohuko. "Anasema ameambiwa kuna watu wanatafuta mtoto. Anaona mmoja amekaa, mwingine amesimama."

Nikakaa. Nikatoa ulimi.

Biashara yangu ni mapazia. Duka liko Kariakoo, na mara mbili kwa mwaka hufunga safari kwenda soko la vitambaa la Zhongda, ambako mtu hutembea kutwa akipishana na majora tu. Wanaonijua watakwambia huyu si mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kabla sijalipa hata senti, jora hufunguliwa, hunyooshwa kwenye mwanga, nikalikagua mita kwa mita. Uzi ukikatika mahali nauona. Lakini ndani ya ndoa yangu, kwa miaka minne, upande mmoja tu wa mzigo ndio uliokaguliwa.

Mke wangu alikaguliwa hasa. Alipimwa homoni. Alipigwa ile picha ya mirija ya uzazi, dawa ikisukumwa ndani huku amekunja ngumi, akarudi nyumbani kwa bajaji peke yake kwa sababu siku hiyo nilikuwa na kontena bandarini. Alikunywa mizizi ya chango kutoka kwa bibi mmoja aliyesifiwa sana. Aliombewa. Alikatazwa maji ya baridi, akakatazwa kulala kifudifudi, akakatazwa kuwa na mawazo, kana kwamba mawazo ni chumvi ambayo mtu anaweza kuipunguza kwenye mboga. Majibu yote ya hospitali yalisema jambo moja: mama yuko sawa. Nasi tukalisikia kama habari mbaya, tukaenda kutafuta hospitali nyingine itakayomwona mgonjwa.

Kwetu, mfano unaotumika ni ule wa shamba. Mwanamume ni mkulima, mwanamke ni ardhi. Mahindi yasipoota, watu huinama kuutazama udongo. Nani atamuuliza mkulima mbegu ameitoa ghala gani? Wahenga wenyewe walisema mke ni nguo, mgomba kupalilia. Nami nililipokea lile la kupalilia kama ada ya mahari na nguo za sikukuu.

Isitoshe, nilikuwa na ushahidi wangu. Kutwa redioni na kwenye vibao vya barabarani tunauziwa dawa za nguvu za kiume, hata tumeamini kwamba mwanamume anayemudu tendo amemudu na mimba. Ni mambo mawili, kila moja na njia yake. Sehemu kubwa ya shahawa ni majimaji tu; mbegu zenyewe hazionekani kwa macho, na mwanamume rijali wa kupigiwa mfano anaweza kuwa nazo chache mno, au asiwe nazo kabisa. Muuguzi mmoja aliwahi kuniambia, "Baba nawe upime." Nikamjibu kwamba nina safari. Nilikuwa na safari kweli. Mimi siku zote nina safari.

Mzee aliweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wangu wa kushoto, akafumba macho. Dakika zikapita. Akahamia mkono wa kulia. Katika tiba yao kila kidole kinasikiliza kiungo chake, na mapigo yana majina: kuna yanayoelea, kuna yaliyozama, kuna yanayoteleza kama lulu kwenye sinia, kuna yaliyokaza kama uzi wa zeze. Halafu maswali yakaanza. Ninalala saa ngapi? Naamka kukojoa mara ngapi? Kiuno kinauma? Miguu inapoa usiku? Navuta sigara? Nakaa kwenye gari saa ngapi kwa siku?

"Katika mwaka, miezi mingapi unalala nyumba moja na mkeo?"

Nikapiga hesabu ya Guangzhou, Lubumbashi na Mwanza. "Saba," nikasema.

"Mitano," mke wangu akasema, bila kunitazama.

Kijana akasita asijue atafsiri lipi. Mzee hakuhitaji tafsiri. Aliandika kitu, nami hadi leo sijui aliandika saba au tano.

Baadaye, tukila tambi katika mgahawa mmoja mtaa wa Xiaobei, kijana alitueleza mzee alikuwa anatafuta nini: udhaifu wa figo. Wao wanaposema figo hawamaanishi tu kile kiungo cha mgongoni. Kwao figo ni ghala. Humo imewekwa akiba waiitayo jing, ambayo mtu huipata kwa wazazi wake na kuitumia maisha yake yote: kukua, kuota meno, kuzaa, kuzeeka. Anayekesha, anayejichosha, anayeishi kwa hofu, huyo anachota ghalani bila kurudisha. Kitabu chao kikongwe cha tiba, Huangdi Neijing, chenye umri wa zaidi ya miaka 2000, kinamhesabia mwanamke maisha kwa saba saba: akifika 14 anapata hedhi, akifika 49 uzazi unafunga. Sikushangaa, maana saa ya mwanamke hata sisi tunaijua, tena tunamsomea kila Idi na kila Krismasi. Kilichonishangaza ni kwamba kitabu hichohicho kinamhesabia na mwanamume, kwa nane nane, kuanzia 16 hadi 64, naye akiba yake inapungua hatua kwa hatua. Nilikuwa na miaka 41. Hakuna shangazi aliyewahi kuniambia kwamba muda unakwenda.

Akatutajia pia Sun Simiao, tabibu wa karne ya 7, aliyeyaweka magonjwa ya wanawake mwanzoni mwa kitabu chake kikubwa, na aliyefundisha kwamba nyumba ikikosa mtoto, udhaifu utafutwe kwa mume na kwa mke pia. Karne ya 7! Nisiwapambe Wachina lakini. Sheria zao za kale zilimruhusu mume kumwacha mke kwa sababu saba, na mojawapo ilikuwa kutozaa mtoto wa kiume. Tabibu aliandika lake, ukoo ukafanya lake. Nikajisikia niko nyumbani.

Mzee hakutupa dawa siku ile. Alizitazama karatasi za mke wangu moja moja, akazirudisha kwenye bahasha, akauliza: "Za mume ziko wapi?" Kisha akatuelekeza hospitali kubwa nikapime kwanza. Nilikuwa nimejiandaa kwa miujiza, mashetani na mizizi adimu. Mganga wa jadi akaniandikia maabara.

Majibu yalisomeka mbegu milioni 6 kwa kila mililita, nyingi zikijikongoja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataja milioni 16 kuwa mpaka wa chini wa kawaida. Nikarudia kipimo, nikidhani chupa zimebadilishana. Milioni 5. Picha ya ultrasaundi ikaonyesha chanzo: mishipa ya damu juu ya korodani ya kushoto ilikuwa imevimba na kujikunja kama minyoo kwenye mfuko. Ni tatizo la wanaume wengi, na mara nyingi hutokea kushoto, kwa sababu mshipa wa upande huo hupanda hadi kumwaga damu kwenye mshipa wa figo kwa pembe mraba, damu ikasita na kurudi chini. Damu ikituama, joto hupanda. Na korodani Mungu kaziweka nje ya mwili kwa sababu zinataka ubaridi.

"Figo!" nilimwambia kijana, kama mtu aliyegundua dhahabu. "Mzee si alisema figo?"

"Kaka, hiyo ni sadfa," akanijibu. "Usianze kuhubiri."

Tulirudi kwa mzee na karatasi zangu. Akasoma, akasema mambo mawili. Kwanza, nikifika nyumbani nimwone daktari wa upasuaji. Pili, kwa muda tutakaokuwa pale, na kwa miezi mitatu baadaye, tutakunywa dawa wote wawili. Akavuta karatasi mbili.

Ya kwangu ilikuwa na mbegu tano. Ni dawa mashuhuri tangu enzi za Ming, na jina lake lenyewe linataja mbegu tano za kuendeleza ukoo: gouqi, yale matunda mekundu madogo yanayosifika yakitoka Ningxia, wuweizi, ambayo jina lake ni tunda la ladha tano, na ukilitafuna kweli ulimi unahangaika usijue umeonja chachu au chumvi, na nyingine tatu. Ya mke wangu ilikuwa na vitu vinne vya kujenga damu. Muuza dawa alivitoa kwenye droo za mbao, akavipima kwenye mizani ya mkononi, akavimwaga juu ya karatasi. Kimojawapo kilikuwa mzizi uliokatwa vipande vyembamba, rangi ya maziwa yaliyoungua, wenye harufu nzito tamu. Mke wangu akaunusa.

"Unaitwaje huu?"

"Danggui," kijana akasema. "Ukilitafsiri jina ni kama 'anapaswa kurudi'. Husimuliwa kwamba wake ambao waume zao walikuwa mbali waliutumia mzizi huu wakingoja. Mume anapaswa kurudi."

Mke wangu alikunja kile kipande ndani ya kiganja. Hakusema neno. Mwanamke aliyezoea kusema angenipunguzia adhabu.

Tulikaa Guangzhou wiki nne. Kila jioni tuliloweka dawa nusu saa, tukazichemsha kwenye vyungu viwili vya udongo hadi bakuli tatu za maji zikawa moja. Dawa ile ni chungu, na uchungu wake una ngazi: kwanza udongo, halafu mkaa, halafu kitu kinachorudi puani. Mke wangu alikunywa mara moja, bila kupumua, kama mtu aliyebobea. Mimi nilisimama na kikombe changu nikikizungusha.

"Kunywa," akaniambia. "Hii ina nafuu. Ya yule bibi wa chango ilikuwa na mchanga."

Pale ndipo nilipojua kwamba sikuwahi kuonja hata kijiko cha vitu alivyomeza kwa miaka minne. Nilivilipia. Uchungu wenyewe sikuujua.

Yeye alichomwa na sindano pia, nyembamba kama unywele. Moja ya sehemu ni vidole vinne chini ya kitovu. Nyingine ni vidole vinne juu ya kifundo cha mguu, upande wa ndani, ambapo wao wanasema njia tatu za mwili hukutana. Vidole vinavyopimia ni vya mgonjwa mwenyewe, kwa hiyo kila mtu hubeba rula yake. Kisha walimfukizia joto la majani ya mmea uitwao ai juu ya tumbo, kwa kile wanachokiita baridi ya kizazi. Alinicheka nilipoduwaa: "Kwani uji wa pilipili manga wa mzazi unadhani ni wa nini? Bibi zetu nao walikuwa wanafukuza baridi." Alilala usingizi mzito pale kitandani, sindano zikiwa mwilini. Sikuwa nimemwona akilala hivyo kwa muda mrefu.

Sasa niseme lile ambalo wauza dawa hawapendi liandikwe. Mwaka 2002 madaktari waliokuwa Ujerumani walichapisha majaribio ya sindano hizi kwa wanawake 160 waliokuwa wakipandikizwa mimba: waliochomwa walipata mimba asilimia 42.5, wasiochomwa asilimia 26.3. Watu wakashangilia. Lakini mwaka 2018 yakatoka majaribio makubwa zaidi ya Australia na New Zealand, wanawake 848, wengine wakichomwa sindano za kweli na wengine za kuigiza. Waliozaa watoto hai walikuwa asilimia 18.3 kwa 17.8. Hiyo si tofauti. Mwaka mmoja kabla, huko China kwenyewe, wanawake 1000 wenye vivimbe vingi kwenye vifuko vya mayai walijaribiwa. Kidonge cha kupevusha mayai kiliwasaidia kuzaa, sindano hazikuongeza kitu.

Na neno "asili" lisituvishe kilemba cha ukoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Brussels, zaidi ya wanawake 100 waliharibika figo kwa dawa za kupunguza unene zilizochanganywa na mmea wa Kichina usio sahihi, kwa kuwa majina mawili yalikaribiana; baadhi yao wakapata na saratani ya njia ya mkojo.

Lakini simwoni mjinga anayesikiliza vitabu vya kale. Yale majani ya ai yaliyofukizwa tumboni mwa mke wangu yana ndugu wa ukoo mmoja, qinghao. Mwaka 1967 China iliwapa wanasayansi wake kazi ya kutafuta dawa ya malaria, na mmoja wao, Tu Youyou, akisoma kitabu cha karne ya 4, aliona kwamba mmea ule haukuchemshwa, uliloweshwa na kukamuliwa. Akatambua kuwa huenda moto ndio ulioiharibu dawa. Kutoka hapo ikapatikana dawa iliyo ndani ya mseto tunaomeza sote huku kwetu, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kitabu cha kale kilimpa fununu, kipimo kikampa uhakika. Aliyechukua fununu peke yake anacheza bahati nasibu na figo za mkewe.

Niliporudi nilifanyiwa upasuaji mdogo, jioni nikawa nyumbani. Mbegu huchukua miezi miwili na nusu hivi kutengenezwa, kwa hiyo ile miezi mitatu ya mzee haikuwa ya kubahatisha: mbegu ya leo ilianza safari msimu uliopita. Niliacha sigara. Nilimpa mdogo wangu safari za Mwanza na Lubumbashi. Jioni vikombe viwili vilikaa mezani, na kwa kuwa dawa ilitakiwa inywewe ya moto, nililazimika kuwepo ikiwa ya moto. Kipimo kilichofuata kilisoma milioni 19. Ni upasuaji? Ni sigara? Ni mbegu tano? Daktari alisema upasuaji. Mimi namwamini daktari, na sijaona sababu ya kumtukana mzee.

Mwezi wa kumi mimba iliingia. Ilikaa wiki tisa.

Siku ile nilikuwepo. Nilikaa sakafuni bafuni, mgongo ukutani, yeye amelaza kichwa begani kwangu, tukalia kwa sauti kama watu waliofiwa, kwa sababu tulikuwa tumefiwa. Kwa miaka minne alikuwa akililia kitu hiki chumba kingine, nami nikipandisha sauti ya televisheni. Mkono mmoja haulei mwana, husemwa. Nikajifunza kwamba mkono mmoja hauwezi hata kumzika yule ambaye hakuzaliwa. Mtoto hatujampata bado. Ndani ya nyumba, hata hivyo, hakuna tena mtu anayedaiwa.

Ilibaki nyumba nyingine, ya ukoo. Mama yangu alikuja kwetu Magomeni na chupa ya soda iliyojaa mizizi, akaiweka mezani mbele ya dada zangu. "Ya mwenzako hiyo, baba," akaniambia. "Anywe siku saba."

Niliichukua ile chupa. Koo lilinikauka kuliko siku ya maabara. "Mama, mwenzangu hana tatizo. Aliyekuwa na tatizo ni mimi. Nimepimwa, nimepasuliwa."

Feni ikazunguka. Dada yangu mkubwa akaangalia simu isiyoita. Mama alinitazama, akamtazama mkwewe kwa muda mrefu, na kitu kikamshuka usoni. Hakuomba radhi, watu wa umri wake huomba radhi kwa njia nyingine. Alisogea kwenye kochi, akapapasa nafasi kando yake. "Njoo ukae hapa, mama," akamwambia mke wangu. Kisha akaagiza watu wapakuliwe chakula.

Wiki iliyopita jirani yangu wa dukani, mwenye stoo ya vyombo, alinipigia usiku. Amesikia nilikwenda China na mke wangu. Yeye na mkewe wana mwaka wa tatu bila mtoto. "Nitajie ile dawa, kaka, kuna mtu anasafiri nimuagize. Ya shemeji yako."

"Na wewe umepima?" nikamuuliza.

Simu ikakatika. Nikajiambia ni mtandao, ingawa nilijua. Nami ningeikata.

Asubuhi nilimkuta anafungua makufuli yake. Hakunisalimia. Aliinua shata hadi juu, akapanga sufuria mbili tatu nje, akazipangua, akazipanga tena. Kisha akasogea karibu, sauti chini.

"Hicho kipimo chenyewe," akasema, "kinachukua muda gani?"

"Kaa siku mbili tatu bila tendo, uende. Baada ya saa mbili hivi unapata majibu."

Akahesabu kitu kichwani, akitazama mtaani. Halafu akaushusha ule mlango nusu, akampigia kijana wake aje akae dukani.